Prefe Aliyesalimia Likasi Nzima

Ninyi mnaojipiga foto asubuhi kabla hata ya kunawa uso, kaeni hapa kidogo. Nimewasikia mkiulizana kwa nini bibi yenu alikuwa akichukua pesa za watu kwa kazi ambayo simu inafanya bure. Swali ni zuri. Jibu ni kwamba hakuna mtu aliyenilipa kwa ajili ya kamera. Walinilipa niwape sura ambayo wao wenyewe wataikubali, na kazi hiyo, wajukuu zangu, ni ngumu kuliko kuyeyusha shaba.

Mtu haijui sura yake. Anaijua ile ya kwenye kioo, ambayo kushoto kumekuwa kulia. Ukimpa ya kweli anaitazama kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani. "Mama Zaina, hii pua haiko yangu." Mwanzoni nilikuwa nabishana nao. Baadaye nikajifunza. Zamani za filamu, mteja akilalamika, nilikuwa nageuza negatifu upande wa nyuma na kutoa foto nyingine, iliyopinduka kama kioo kinavyopindua. Anarudi, anaiona, anatabasamu: "Njo hii sasa. Ile ya kwanza ulikuwa na haraka." Halafu mke wake anaiona na kusema ile ya kwanza ndiyo nzuri, hii imempinda mdomo. Wote wawili walikuwa wakweli. Mke amezoea sura iliyo mbele ya watu, mume amezoea iliyo mbele ya kioo. Kwa hiyo nikawa natoa zote mbili, na ndoa nyingi za mji huu zimeishi kwa amani kwa sababu hiyo.

Aliyenifundisha ni Papa Lukusa, mtu mfupi wa kofia nyeusi ambaye hakuwahi kumwambia mteja acheke. Alikuwa na kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa, na kwenye kioo chake cha nyuma mteja alionekana kichwa chini, miguu juu. Siku yangu ya kwanza alinifunika kitambaa akaniuliza ni nani amekaa kwenye kiti. Niliona macho, nikaona pua, nikaona hereni. Nikajibu kwamba simjui. Alikuwa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alinuna mpaka mfungo wa Ramadhani ukaingia na kutoka.

Papa Lukusa hakucheka. Alisema, "Mutoto, sura hatuisome herufi moja moja. Kichwa kinaimeza yote pamoja, sawa tonge ya bukari. Ukiipindua, kichwa kinaanza kutafuna, na kikitafuna kinapotea."

Sikumwelewa vizuri mpaka nilipompiga foto bibi arusi mmoja wa mtaa wa Kikula. Pale kwenye kioo, kichwa chini, niliona anatabasamu vizuri kabisa. Foto ilipotoka, alikuwa amenuna kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mama yake alisema nimemroga. Siku hizi ndoa ile imevunjika, na kuna watu wanaosema kwamba foto ndiyo iliyoona mbele.

Na kichwa hicho hicho kinachoshindwa na shangazi aliyepinduliwa kinaona sura mahali ambapo hakuna hata mtu. Kule mtaa wa Panda, kwenye ukuta wa nyumba moja ya zamani ya kampuni ya shaba, mvua ilivuja ikachora madoa. Mawili juu, moja katikati, mstari chini. Ilitosha. Wakatoliki walisema ni Mama Maria. Pasta wa jirani alisema haiwezekani, hiyo ni sura ya mwanamume, ni mtume. Sisi Waislamu wa sokoni tulisema sanamu ni haramu, kisha tukaenda mmoja mmoja kuiangalia. Niliitwa kuipiga foto, na kwenye foto ilionekana vizuri kuliko ukutani. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane anayeuza mikate ya mafuta. Fundi alipokuja kuziba paa, mama huyo alimfukuza. Kiangazi kilipofika na ukuta ukaanza kukauka, nilimkuta mwenyewe amesimama kwenye meza, anaumwagia maji kwa kikombe.

"Mama, unafanya nini?"

"Minasaidia," alinijibu.

Basi msidhani kuona sura ni kazi ya macho. Nilipopiga foto za beji za wafanyakazi wa kiwanda kimoja, wainjinia waliotoka mbali, ng'ambo, walikuwa wakinong'ona kwamba vijana wetu wote wamefanana. Vijana wetu, kwenye benchi ileile, walikuwa wakinong'ona kwamba wainjinia wote wamefanana. Kila upande uliniomba niwe mwangalifu nisichanganye beji. Wainjinia wawili walibadilishana beji bila kujua, na walipita getini miezi mingi wakisalimiwa kila mmoja kwa jina la mwenzake. Kichwa kinajifunza sura za pale kilipokulia. Zinazobaki kinazitia kwenye gunia moja, halafu kinalilaumu gunia.

Haya yote nawaambia ili mnielewe nikifika kwa Prefe Kalenga.

Évariste Kalenga alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari kule Panda, na mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi kabla ya hapo. Mtu mrefu, wa miwani, mwenye suti moja ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Hakuwa mtu wa mzaha. Siku moja alikuwa nyuma ya pikipiki akitoka mjini, mbuzi akakata barabara, na Prefe akaangukia kisogo. Alilala hospitalini, akapona, mkono na mguu vikafanya kazi, hesabu zikabaki zote kichwani. Watu wakamshukuru Mungu na kumlaani mbuzi.

Baadaye alikuja studio kwangu kupiga foto ya kadi. Aliporudi kuzichukua, niliweka juu ya meza bahasha za wateja wa siku ile. Akafungua moja, akatazama, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Mama Zaina, nimetokea muzuri. Umenipunguzia hata miaka."

Foto ile ilikuwa ya Musafiri, muuza vipuri vya baiskeli. Naye ni mtu wa miwani, lakini mwingine kabisa. Nilingoja Prefe acheke. Hakucheka. Nikamwambia taratibu, "Prefe, huyu ni Musafiri wa vipuri."

Akaitazama tena, akaipeleka karibu na dirisha.

"Basi minye niko wapi?"

Nikamwonyesha yake. Akaiangalia kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kuvua miwani.

"Minaona yote, Mama Zaina. Macho, pua, kinywa. Kila kitu iko mahali pake. Lakini ni kama hesabu yenye kuwa na namba zote, na jumla haitoke."

"Na bibi yako? Unamujua?" nilimuuliza habari ya mke wake.

"Kwa sauti. Kwa kikwembe, kitambaa anavaa, maana najua vikwembe vyake vyote. Kwa namna anakohoa."

"Na asipokohoa?"

Alinishukuru, akachukua foto zake, akaniomba nisimwambie mtu.

Lakini Likasi si mji wa kuficha jambo kama hilo. Kwetu mtu anaweza kuiba mabati ya jirani na akasamehewa baada ya vikao. Kupita mkubwa bila kumsalimia hakuna kikao kinachokusamehe. Na Prefe alikuwa akipita watu kama nguzo za umeme. Alimpita katekista. Alimpita mkaguzi wa shule, ambaye aliandika barua ya malalamiko kwa wino mwekundu. Kwenye kituo cha taksibisi alimkuta mama mkwe wake, akavua kofia kwa adabu na kumuuliza, "Mama, samahani, hii bisi inaenda Panda?" Mama mkwe alipanda bisi ya Lubumbashi kwa hasira, na alishtuka kwenye kituo cha kulipia barabara.

Watu wakaanza kueleza. Wengine walisema amekuwa na majivuno. Wengine walisema ameingia kwenye chama cha siri ambako mtu anakatazwa kusalimia. Pasta alijitolea kumtoa pepo wa kiburi, akaleta na ngoma.

Aliyeumia zaidi ni mke wake, Odette. Alikuwa akiuza vitambaa sokoni, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru, asiyeogopa polisi wala kodi. Asubuhi moja Prefe alisimama mbele ya meza iliyo jirani na yake kununua sombe, yale majani ya muhogo, hatua chache kutoka kwa Odette, ambaye alikuwa amevaa kikwembe kipya ambacho mume hajakiona. Akanunua, akalipa, akamtazama Odette usoni, akaondoka. Wanawake wa soko walipiga mluzi.

Odette akafunga meza, akaja moja kwa moja kwangu.

"Weye unapiga foto banamuke bote ya huu muji," alisema. "Uniambie ni nani."

"Nani wa nini?"

"Ule anakaa naye. Bwana yangu ananitazama sawa ukuta. Muntu hatazame bibi yake vile kama hakuna mwingine."

Nilijua, na nilikuwa nimeombwa ninyamaze. Nikamwambia aje na mumewe kesho yake, waniachie mimi kazi iliyobaki.

Wakaja. Nilitandaza mezani foto za wanawake, nikafunika nguo na nywele zote kwa karatasi nyeusi, zikabaki nyuso tu. Ya Odette ilikuwa katikati. Nikamwambia Prefe atafute mke wake. Odette alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Prefe alielewa ninachofanya, na nadhani alishukuru kwamba si yeye wa kusema. Akainama. Akaenda foto moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anavyosahihisha mitihani. Akaipita ya Odette. Akarudi. Akaipita tena.

"Haiko hapa," akasema.

Odette alikuwa amesimama pale, anajiona akipitwa. Mikono ikashuka kiunoni. Akakaa.

"Basi haiko mwanamuke mwingine," alisema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anafurahi au anaomboleza.

Walikwenda Lubumbashi kwa daktari wa kichwa, mwanamke kijana ambaye Odette alimwona mdogo mno mpaka alipoanza kuzungumza. Daktari aliwaeleza kwamba nyuma ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ambayo kazi yake kubwa ni sura za watu, na hasa ile ya upande wa kulia ndiyo inayoleta shida hii ikipigwa. Macho yanaleta vipande, sehemu hiyo inaviunganisha kuwa mtu. Ya Prefe imeumia. Hakuna dawa wala miwani ya kuitengeneza. Ndugu wakauliza kama basi pasta arudi na ngoma. Daktari akasema ngoma haina madhara, ila isipigwe karibu na kisogo. Kisha akasema jambo moja ambalo Odette alinisimulia mara nyingi: kwamba kwa wagonjwa wengine kuna njia ya pili, ndogo, inayopita pembeni. Kichwa kinasema sijui, na mwili unashtuka hata hivyo.

"Unashtuka namna gani?" Odette alimuuliza.

"Kidogo," daktari alisema. "Usiitegemee."

Odette alirudi Likasi na mpango wake. Akamwambia mumewe, "Kama haujue nani ni nani, basi salimia bote. Kuanzia leo kila muntu ni ndugu yako."

Prefe ni mtu wa kufuata utaratibu. Kesho yake alitoka nyumbani akisalimia. Alisalimia wapakia makaa kwenye baiskeli, walinzi wa kiwanda, wachimbaji waliorudi wamejaa vumbi kutoka upande wa Shinkolobwe, wauza muhogo, polisi, na mwendawazimu wa mzunguko wa barabara. Kwa mikono miwili, kwa kuinama kidogo, kwa kila mmoja: "Nyumbani namna gani? Batoto banaendelea?" Kila mtu ana nyumba, na karibu kila mtu ana watoto, wake au wa marehemu kaka yake. Kilichobaki watu walijijazia wenyewe. Mtu alimwambia, "Yule mukubwa amepona, Prefe," naye Prefe akajibu, "Mungu asifiwe," na mtu akaenda nyumbani akisema Prefe alikuwa anakumbuka ugonjwa wa mtoto wake mkubwa.

Msimu wa mvua haukuisha kabla mji mzima haujasema kwamba hakuna mtu Likasi anayejua watu kama Prefe Kalenga. Katekista alimsamehe. Mkaguzi aliiondoa barua yake. Mama mkwe alisema ajali ilimletea akili.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mbunge wetu wakati ule, ambaye tulimwita Honorable hata tulipokuwa tunamtukana, alikuwa na ugonjwa uleule wa Prefe, ila yeye ulimpata kila baada ya kura kuhesabiwa na kumwacha kila kampeni ikianza. Chama kimoja kilikuwa kinatafuta mtu wa kupambana naye. Wakamjia Prefe, wazee wa chama waliovaa koti wakati wa joto.

Prefe aliwaambia ukweli, palepale sebuleni kwake. Odette alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Wazee, minye sijue muntu."

Wakatazamana. Mkubwa wao akatoa leso akafuta jicho.

"Njo maana tunakutaka," akasema. "Bale bengine bote banajuana na bakubwa."

Alijaribu tena, akaeleza habari ya mbuzi na kisogo. Wakasema unyenyekevu wake umezidi hata walivyosikia. Mtu anayetaka kusikia jambo fulani hata ukimpigia kengele atasikia hilo hilo. Mwishoni Prefe alikubali, kwa sababu upepo ulikuwa umeondoa paa la madarasa na alikuwa ameandikia kila ofisi bila jibu. Alidhani mbunge akiandika, ofisi hujibu. Alikuwa mtu msomi, lakini si katika mambo hayo.

Mimi ndiye niliyempiga foto ya mabango. Nilimwekea mwanga wa upande, nikahakikisha kuna nukta ya taa ndani ya kila jicho, maana jicho lisilo na nukta ile ni jicho la samaki wa sokoni, na mtu anaamua kama anakuamini kabla hujafungua mdomo. Chama kilitaka nimlainishe makunyanzi na kumng'arisha ngozi. Nikawaonyesha walichotaka kwenye kompyuta. Prefe akatokea kama mwimbaji wa harusi. Wakapenda sana. Odette akasema, "Huyu hata minye simujue," na tukarudi kwenye ile ya kwanza.

Kisha wakatoa vikwembe. Mnajua kampeni za kwetu: kitambaa kimoja, rangi moja, sura ya mgombea imechapwa kuanzia kifuani mpaka kwenye magoti. Wanawake wa Panda walivipokea wote, na vilemba vyake. Prefe aliponionyesha kimoja aliniuliza kwa heshima kama huyo mtu ni yeye.

Siku ya mkutano mkubwa ilikuwa uwanja wa mpira wa Panda, mchana, jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nilikuwa mbele na kamera yangu. Wanawake wa mapokezi walisimama mstari mmoja chini ya jukwaa, kikwembe kilekile, kilemba kilekile, na Odette katikati yao kama desturi ilivyotaka. Prefe alizungumza habari ya paa, habari ya maji, habari ya vumbi la kiwanda kwenye sahani za watu. Alizungumza vizuri, kama mtu anayeeleza hesabu, na watu walikuwa wanafuata.

Kisha akasimama kijana mmoja wa Honorable, Trésor, mtu wa viatu vyeupe. Sijui alisikia wapi. Hospitali zina korido, na korido zina masikio. Aliomba neno, na kwa kuwa ulikuwa mkutano wa watu wa adabu wakampa mikro, kile kipaza sauti.

"Prefe, bantu banasema unajua kila muntu wa Likasi," alisema kwa sauti ya upole. "Tunaomba kitu kidogo tu. Utuonyeshe bibi yako. Na bamama bote banyamaze."

Watu walicheka. Waliona ni mchezo mwepesi, na wao wenyewe wakawanyamazisha wanawake. Nilimtazama Prefe. Aliangalia mstari ule chini, na alichokiona ni miili yenye nguo moja, na kwenye kila nguo sura ya mtu asiyemjua, ambaye ni yeye mwenyewe.

Nilimtazama Odette. Angeweza kukohoa. Kikohozi kimoja tu kingetosha, na mji huu una vumbi la kutosha kumpa mtu sababu. Alifunga mdomo, akatazama mbele.

Prefe akashuka jukwaani. Akaanza mwanzo wa mstari. Kwa kila mwanamke alisimama, akamtazama, akaenda. Kicheko kilipungua. Mbele ya Mama Béa, muuza chumvi aliyesimama kabla ya Odette, alitabasamu kidogo. Mbele ya Odette alisimama. Alikaa pale muda mrefu kuliko pengine pote, mkono wa kulia umeinuka nusu, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kuchukua. Kisha akaushusha, akaendelea mpaka mwisho wa mstari.

Alirudi kwenye mikro. Nilisikia spika zinavuma.

"Simuone," alisema. "Iko hapa, najua iko hapa, na simuone. Tangu ajali, sura ya muntu haikai mu kichwa yangu. Ya bibi yangu, ya mama yangu, ya ninyi bote. Niliambia bazee ya chama, hawakunisikia. Sasa minasema kwa mikro. Kila muntu niliyemusalimia, sikujua ni nani."

Trésor alikunja mikono, akangoja uwanja umfanyie kazi yake. Na kweli watu walianza kunung'unika. Mtu alisema tumedanganywa. Mwingine alisema basi hakukumbuka ugonjwa wa mtoto wangu. Watu walikuwa wanahesabu salamu walizopokea, na kila moja ilionekana kama wamenyang'anywa.

Kikongwe mmoja akasimama karibu na mbele, akiegemea bega la jirani. Simjui jina, na siku ile sikumpiga foto, jambo ninalojutia mpaka leo.

"Prefe," akasema. "Juzi kule kwa kisima uliniuliza batoto yangu banaendelea namna gani. Haukujua minye ni nani?"

"Hapana, mama. Hata sasa sijue."

"Haukutaka kitu kwangu?"

"Hapana, mama."

"Uliniuliza bure tu."

"Bure, mama."

Kikongwe akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni weye wa kwanza," akasema, akakaa chini.

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na hakikuwa kicheko cha kumcheka Prefe. Trésor alitafuta mahali pa kurudisha mikro na hakuna aliyeipokea.

Ningependa kuwaambia kwamba alishinda. Kesho yake asubuhi chama kilimwondoa, kwa maelezo kwamba mbunge anatakiwa kujua nani ni nani. Wakaweka mfanyabiashara wa saruji. Honorable akashinda tena, akahamia Kinshasa, na sura yake tunaijua vizuri kwa sababu mabango yake hayajabanduliwa. Paa la madarasa lilitengenezwa na wazazi wenyewe, baada ya Prefe kupita nyumba kwa nyumba akiomba mchango, na wakampa, kwa sababu ni vigumu kumnyima mtu anayekusalimia bila kujua wewe ni nani. Vikwembe vilibaki, ni kitambaa kizuri. Na watu wa Panda wakajizoesha kitu ambacho hakuna aliyekipanga: ukikutana na Prefe, unataja jina kwanza. "Prefe, ni minye Kapinga, wa mikate." Watoto wa shule wanafanya hivyo mpaka wamezoea kufanya kwa kila mtu, na wageni wanatuona watu wa ajabu sana.

Kabla sijafunga studio kwa mara ya mwisho, walikuja wawili hao kupiga foto ya pamoja. Nilimweka Prefe kwenye kiti, Odette amesimama, mkono begani kwake. Nilikuwa narekebisha taa, na nadhani walinisahau, kama wateja wanavyomsahau mpiga foto akikawia.

"Évariste," Odette alisema. "Ile siku kwa uwanja, ulisimama mbele yangu. Ulisimama sana. Ulinijua?"

Prefe alifikiri. Hakuwa mtu wa kumpa mke wake jibu tamu kwa sababu ni tamu.

"Hapana. Sikujua ni weye. Nilisikia tu sawa muntu amefika, na hajue amefika wapi."

Odette alitazama ukuta wa studio, mkono wake ukakaza bega la mumewe, na niliona macho yake yakijaa. Nikashika kamera taratibu. Kisha uso wake ukabadilika.

"Na Mama Béa?" akauliza. "Yeye ulimuchekea. Nilikuona."

"Mama Béa," Prefe alisema, "nilizania ni weye."

Hapo ndipo nilipobonyeza.